Kabla Hajaniita Mwenzangu

Mkufunzi aliyekuja kutufundisha kubangua korosho alituita "wafanyakazi wenza". Ni neno zuri la ofisini, wala halina kosa, lakini pale Kitangari sikumsikia mtu akilitumia alipokwisha kuondoka. Letu lilikuwa mwenzangu. Ukilifumua utaona ni mwenzi na wangu vilivyoshikana mpaka vikawa kitu kimoja. Bibi yangu kule Masasi, aliyesema Chiyao, alizoea mjangu, na ukiyasikiliza pamoja utahisi ni ndugu. Lipi lilitangulia, sijui. Ninachojua ni kwamba humo ndani daima yumo mtu wa pili: mwenzangu, mwenzako, mwenzake. Huwezi kujipa jina hilo. Lazima mtu akuchukue.

Mimi nilikuwa bado sijachukuliwa.

Tulibangua wawili wawili. Mmoja anakaa kwenye mashine ndogo, anakanyaga, kisu kinapasua ganda. Mwingine, mkabala naye, anachokoa korosho kwa ncha ya kisu. Mikono tunaipaka majivu, maana mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Niliyepangwa naye alikuwa mama wa makamo, Mmakonde wa hapohapo, mwenye ulimi mkali. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu tangu zamani. Kazi yote, na njia yote ya shambani, aliiona kwa la kulia. Aliniita "wewe wa Masasi". Nikinawa mikono, aliwaambia wengine watazame watu wa kule chini Masasi wanavyooga kama bata.

Utani huo ulikuwa na sababu. Kiangazi, huku juu ya uwanda, maji hufuatwa mbali, mteremkoni. Kila mmoja alikuja kazini na kidumu chake cha maji ya kunywa, na kidumu cha mtu hakiguswi.

Asubuhi moja ganda lilipasuka vibaya, mafuta yakamrukia jicho la kulia. Akafanya jambo ambalo yeyote angefanya: akalifikicha, kwa mkono wenye majivu. Hakupiga kelele. Sauti iliyomtoka ilikuwa kama ya mtu anayejitwisha mzigo.

Nilimpigia simu muuguzi wa zahanati. Akasema tulimiminie jicho maji safi mfululizo, tusikome mpaka yeye afike na pikipiki. Nikachukua kidumu changu na kikombe. Lakini mikono ya pale imezoea kubania maji. Mama aliyekuja kunisaidia alilowesha ncha ya khanga akaanza kupangusa, kama anavyomnawisha mtoto kila siku. Nikamwambia tusipanguse, tumimine. Akamimina tone kwa tone. Nikampokea kikombe, nikamimina mimi, na mgonjwa mwenyewe akanikamata mkono.

"Yatosha. Hayo ni ya kunywa."

"Bado, mama. Tazama juu."

Kidumu changu kikaisha. Cha mgonjwa nacho kikaisha. Kope zilikuwa zimevimba, jicho jekundu, na barabarani hapakusikika pikipiki yoyote. Niliwatazama wale waliotuzunguka na nikashindwa kufungua mdomo. Kumwomba mtu maji wakati wa kiangazi ni kuomba safari yake nzima ya alfajiri, nami nilikuwa mgeni. Hakuna aliyesogea. Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, akaleta kidumu chake, akakifungua na kukiinamisha mwenyewe, bila kikombe. Wengine wakafuata. Mgonjwa aliposikia maji yanavyomwagika chini akaanza kulia, na nadhani sauti ile ilimuuma kuliko jicho.

"Mnamwaga maji ya watoto," alisema.

"Watoto hawajalalamika," bibi akajibu. "Fumbua jicho, usinichoshe."

Muuguzi alipofika, vidumu vyote vilikuwa vitupu. Alilitazama jicho, akasema twende hospitali Newala mara moja. Nguo zangu zilikuwa zimelowa chapachapa. Nikajifunga khanga niliyoikuta kwenye mkoba wa mgonjwa, tukapanda pikipiki.

Newala walimfunga jicho, akabaki na lile la ukungu tu. Nilimwongoza mpaka chooni, nikamwonyesha sahani ilipo. Daktari alisema maji yamesaidia, ila kuhusu kuona hawezi kuahidi kitu. Muda wote huo mama hakunitania hata mara moja. Hilo lilinitisha kuliko maneno ya daktari.

Asubuhi ya kufunguliwa nilisimama mlangoni, nikaogopa kusogea. Muuguzi wa wodi akatoa pamba, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja, akamwambia afumbue la kulia taratibu. Alipepesa. Machozi yakamtiririka.

"Pale mlangoni unaona mtu?" muuguzi akamuuliza.

Akageuza kichwa polepole kuelekea mlangoni.

"Namwona."

"Ni nani? Ndugu yako?"

"Mwenzangu," akasema. Akakaza jicho. "Na hiyo khanga aliyovaa ni yangu."