Nyokabi na Diary ya Waziri

Bado akili yangu inakataa, wasee. Juzi tu Nyokabi alinitumia voice note akitukana printer ya ofisi. Alhamisi asubuhi dadake akanipigia: ameanguka jikoni kwao Dundori, presha. Hakufika hospitali akiwa hai.

Kwa wasiomjua: alikuwa reporter wa kilimo kwa redio yetu hapa Nakuru. Tumekaa meza moja miaka saba.

Alikuwa akiingia newsroom na gumboots zimejaa matope ya Molo, editor anamwangalia tu.

Mnakumbuka ile sheria ya kumzuia mkulima kumuuzia jirani mbegu ya viazi? Waziri wa kilimo aliwaambia waandishi, "Nimekutana na wakulima wa Nakuru, wamekubali." Nyokabi akainua mkono. "Mheshimiwa, wakulima gani? Wapi?" Mic ikapelekwa kwa mtu mwingine.

Akawatafuta hao wakulima kila mahali. Hakupata hata mmoja. Mathe mmoja wa Molo alimwambia, "Waziri mimi humwona kwa TV, mwanangu."

Basi akaandikia wizara barua kuomba diary rasmi ya waziri ya mwezi ule. Amekutana na nani, wapi, lini. Hakuomba siri ya jeshi!

Kimya. Akaandika tena. Wakajibu kwamba hayo ni mambo ya kibinafsi ya mheshimiwa. Alitusomea hiyo barua kwa sauti. "Kibinafsi? Tunamlipa mshahara, halafu kazi anayofanya ni siri yake?"

Alienda Nairobi mara nne. Kila mara reception ya wizara: mhusika yuko kwa mkutano. Mara ya nne akauliza, "Mkutano na nani?" Askari akamsindikiza nje. Alitusimulia akicheka. Baadaye nilimkuta kwa ngazi akijifuta macho.

Wacha niseme ukweli, nilimchoka. Nikamwambia, "Nyoks, achana na hii kitu, kuna stories zingine."

"Mamangu amewauzia majirani mbegu tangu nizaliwe," akasema. "Sasa anauza debe moja akijificha kama mtu wa chang'aa. Nimwambie nimeachana nayo?"

Mpaka leo naona aibu.

Mwezi uliopita kurasa za diary zikafika. Zote zimepakwa wino mweusi, juu mpaka chini. Kitu pekee walichoacha ni "Chakula cha mchana". Kila siku, chakula cha mchana! Akakata rufaa siku hiyo hiyo, akapewa kikao huko wizarani Jumatatu hii.

Jumatatu nikaenda mimi, na burial permit yake, kibali cha kumzika, mkononi.

"Mwombaji yuko wapi?" karani akauliza.

"Amefariki."

Hakuinua hata macho. "Basi tunafunga faili."

"Na swali lake?"

"Madam, aliyeuliza hayuko."

Nikakaa kwa benchi yao, nikaandika ombi jipya, maneno ni yale yale ya Nyokabi, jina langu chini. Nikamwekea karani mezani. "Huyu yuko."

Jana baada ya sala za matanga huko Dundori nikamweleza mamake. Akaniomba kalamu. Akaandika ombi lake kwa mkono, polepole. Akina mama wa kanisa wakapanga laini nyuma yake, kila mtu akiuliza, "Hapa naandika jina au namba ya kitambulisho?"

Nyoks, tunakuzika Ijumaa. Lala kwa amani, rafiki yangu. Barua za akina mama nazipeleka Jumatatu.