Walichokula Kambare wa Bwawani

Asubuhi, kabla upepo haujaamka, mlima ulilala kichwa chini ndani ya bwawa letu, na kambare walipita polepole juu ya theluji yake. Bwawa lilichimbwa na mzungu aliyekuwa na shamba lile karibu na Mweiga. Baada ya uhuru aliuza akaenda zake. Samaki wakabaki, na hakuna aliyewagusa. Kwetu samaki alikuwa ndugu wa nyoka, na kambare zaidi, kwa kuwa hana magamba.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikabaki na dada yangu na mdogo wetu wa kiume. Huyo mdogo alianza kufifia. Nywele ziligeuka nyekundu, miguu ikavimba, akaacha kucheza. Muuguzi wa zahanati aliniambia mtoto anahitaji nyama, mayai au samaki, si viazi peke yake. Shangazi yetu, ambaye tulimwita Tata, alikuja kutoka Kangari akamtazama. Mtoto alikuwa amepewa jina la babu, baba yake Tata, kwa hiyo naye alimwita Baba.

"Nikirudi nimkute hivi, naenda na yeye," alisema. "Siwezi kuacha baba yangu akauke hapa."

Basi nikawa nakaa kando ya bwawa, nikitazama kambare wanavyokula. Hawakuwa na haraka. Masharubu yao yalipapasa tope kama vidole vya mtu anayetafuta kitu gizani. Tunda la mugumo, ule mkuyu ulioinamia bwawa, lilipoanguka, maji yalifunguka, tunda likapotea. Baada ya mvua, kumbikumbi walipotua majini, midomo mipana ilijitokeza ikimeza kimya kimya, nami nilisahau kama nilikuwa macho au nimelala. Walikula vyura, konokono, hata vifaranga vya bata. Siku moja dada yangu alikuwa akifua, kipande cha sabuni kikamponyoka. Kabla hajainama, kivuli kilikuwa kimekibeba.

"Ati hata sabuni?" alisema. "Huyu ni tajiri, anaoga mpaka ndani!"

Nilicheka, kisha nikawaza. Sabuni ile ilinuka mafuta. Nikakunja waya wa ua kuwa ndoana, nikachomeka kipande kingine, nikasubiri mpaka ukungu ukaanza kupanda. Kambare wa kwanza nilimvuta kwa mikono miwili. Nilimpika nyuma ya nyumba, majirani wasione. Mdogo wetu alikula bila kuuliza, akalamba bakuli. Tangu hapo nilimpikia kila nilipopata.

Tata alirudi wakati wa kupalilia, bila kutuma habari. Alifunua sufuria, akaona kichwa chenye masharubu.

"Wewe msichana! Umelisha baba yangu nyoka?"

"Ni samaki, Tata."

"Na hiyo kitu yenyewe inakula nini?"

Ningeweza kumtajia matunda ya mugumo nikaishia hapo. Lakini niliogopa kwamba angejua baadaye, na mtoto aende kwa sababu ya uongo wangu.

"Inakula matunda. Na kumbikumbi. Na vyura, Tata, na konokono, na vifaranga. Kila kitu kinachoanguka majini."

"Vyura," alirudia, akaketi.

Dada yangu alinishika nguo kwa nyuma. Tata alimwita mtoto, akamsimamisha kati ya magoti yake. Alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akaachilia. Nyama iliinuka papo hapo, bila kuacha shimo la uvimbe. Akabonyeza mguu wa pili. Alimpapasa nywele kwenye mizizi, zilikokuwa zinaota nyeusi.

"Baba," alimwuliza, "hiyo kitu ni tamu?"

Mtoto aliitikia kwa kichwa.

"Mimi siionji," Tata akaniambia, akijifunga kitambaa chake upya. "Na chai yangu usiipike kwa sufuria hiyo. Lakini yeye mpikie."

Alikunywa chai niliyoipika kwa sufuria nyingine. Kisha akashika njia ya kwenda barabarani, peke yake.