Kumfuata Mtani Mto Brazos

Nilifunga safari kwa sababu mtani wangu Shomari alikuwa ameanza kuniheshimu.

Mimi ni Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Miaka yote tuliyoishi Texas hajaacha kunitukana, nami sikubaki nyuma. Mwaka huu kaka yangu alifariki, tukaweka msiba kwangu Stafford, kando ya Houston. Shomari akaja kutoka Richardson, kaskazini mwa Texas, akavaa kofia ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akichechemea kama yeye na kudai chai. Watu walicheka huku wakilia. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Mimi nikamfukuza mbele ya wote. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Tangu siku hiyo nikimpigia simu hunijibu, "Nashukuru kwa kunikumbuka, mzee." Adabu hiyo ilinikosesha raha.

Mwishoni mwa Agosti nikamwambia nataka twende kuvua, maana Jumamosi hapatikani ila mtoni. Binti yangu Neema alinipeleka kituo cha basi.

"Baba, wewe hata dagaa akikutazama unaogopa."

"Siendi kwa ajili ya samaki."

Kutoka Houston basi lilipita misonobari mpaka Huntsville, kisha malisho yaliyokaushwa na kiangazi, ng'ombe wamejibanza kwenye kila kivuli. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kuomba radhi, kwa sauti. Jirani yangu wa kiti akahamia mbele.

Richardson, jioni. "Karibu sana, mzee. Pole na safari," Shomari akasema mlangoni. Mezani akaniuliza kama chumvi imetosha. Zamani angesema Wanyamwezi waliijua chumvi siku walipotumwa pwani kubeba mizigo. Nikamwomba radhi.

"Yameisha, mzee."

Hayakuwa yameisha. Aliniongezea wali kama mhudumu wa hoteli.

Alfajiri tulipita Fort Worth, tukaelekea magharibi hadi Mto Brazos. Maji yalikuwa ya magotini, kokoto zinaonekana. Tulikuwa tunamtafuta samaki wa huko aitwaye besi wa mdomo mdogo, na chambo chenyewe ni nzi bandia wa manyoya aliyefungwa kwenye ndoano. Unarusha mshipi nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unaupeleka mbele. Mimi sikusubiri. Mara ya kwanza nilinasa kofia yangu, mara ya pili makalio ya suruali. Shomari akauma midomo asicheke.

"Pole, mzee," akasema, akanichomoa ndoano taratibu.

Nilikaribia kulia.

Jua lilipopanda, nikarusha nyuma ya jiwe kubwa. Mshipi ukakaza. Samaki akaruka juu, rangi ya shaba, mistari ubavuni, nami nikamvuta huku nikipiga kelele za kitoto. Samaki wangu wa kwanza maishani! Shomari akaja akipasua maji, akaninyang'anya.

"Lete hapa, Mnyamwezi! Mikono hiyo ya kubeba pembe za ndovu, utamvunja mbavu!"

Akamtumbukiza majini. Samaki akatoweka.

"Shomari! Samaki wangu!"

"Wako tangu lini? Mto huu unaelekea baharini, na baharini ni kwetu. Umekamatwa ukiiba, tena suruali imetoboka."

Hasira ikapanda mpaka kooni, ileile ya msibani. Nikaimeza, ikashuka kwa taabu.

"Sema kweli, Mzaramo. Umemwachia kwa sababu unaona uvivu kumparua magamba."

Alicheka mpaka akakaa mtoni, maji kifuani. Nami nikakaa.

Jumapili mke wa Shomari alinifungia maandazi na kuku wa kukaanga. Kituo cha basi, Shomari akanipokonya mfuko mbele ya abiria. "Mpagazi hula akishafika," akasema.

Nimejifunza kwamba mtani akianza kukuheshimu, jiulize umemkosea nini, uende mapema.

Neema alinipokea Houston.

"Samaki yuko wapi, Baba?"

"Nimenyang'anywa."

"Na chakula cha njiani?"

"Nacho nimenyang'anywa."

"Sasa mbona unacheka?"

Nilimwambia awashe gari, nina njaa.