Hatua Mia na Ishirini za Fuko

Mwenyekiti wa mtaa kanisumbua wiki tatu nzima. Bibi, andika habari za marehemu shemeji yako, tuzibandike ofisini wapangaji wapya wajue historia. Historia! Alipokuwa hai mlimwita kichaa. Mimi niliishia darasa la pili na macho yenyewe ndiyo haya. Haya, naandika, na atakayeucheka mwandiko wangu aje aucheke mbele yangu.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, tulimwita Fuko kwa sababu ujana wake wote aliumalizia chini ya ardhi. Alikuwa mchimba visima. Mrefu, miguu kama ngazi. Visima vyote saba vya kijiji hiki, kilipokuwa bado kijiji, alivichimba yeye, na mahali pa kila kimoja alipapima kwa hatua zake. Hiki sitini kutoka zizini, kile themanini kutoka mashine ya kusaga. Karatasi hakuwa nayo, kichwa kilimtosha.

Kisha mji ukatufikia. Kwanza nguzo za umeme, mara bomba, mara mashamba yakawa viwanja. Bomba lilipofika, vijana walitaka visima vijazwe. Mimi mwenyewe nilisimama mkutanoni nikakataa. "Maji ya mjini yana wenyewe," nikasema. "Siku wakituchoka wakafunga, mtakunywa mate?" Watu wakacheka, wakanikubalia. Basi tuliviziba kwa magogo tu, tukatandaza udongo, na Fuko akapanda mti wa mnyonyo juu ya kila kimoja, uwe alama. Tulijiona wajanja kweli.

Katapila halijui mnyonyo. Lilifyeka yote, na zizi, na mashine ya kusaga.

Fuko akaogopa magogo yataoza watu watumbukie, akaanza kuzunguka na mtaimbo, anagonga ardhi, anasikiliza palipo na shimo chini. Sita alivipata, vikajazwa kifusi. Cha saba, kirefu kuliko vyote, hakikuonekana. Na hicho kilipimwa kutoka kizingiti changu mimi: hatua mia na ishirini, uso ukielekea kilimani. Kila alipohesabu aliishia katikati ya barabara, mtaimbo unagonga pagumu.

"Mzee, umepoteza sindano?" wakamuuliza wauza duka.

"Nimepoteza shimo."

"Shimo linapoteaje, mzee wetu!" Wakashika mbavu.

Ng'ambo ya barabara kuna shule ya chekechea. Mwalimu wake akatoka. "Babu, unawatisha watoto wangu na hicho chuma."

"Nisamehe, mwanangu. Hebu niambie, uwanja wako ukinyeshewa maji yanatuama?"

"Hata kidogo! Pale kwenye bembea maji hayakai hata dakika. Yananywewa yote."

Fuko alirudi kwangu, chai hakuigusa. "Shemeji, yale maji yanakwenda wapi?" Akahesabu tena, akaishia barabarani tena. Hesabu yake aliiamini kuliko masikio yake. Mwezi haukuisha, tukamzika.

Siku tulipotoka makaburini nilikaa uani kwangu nikainamisha kichwa, ndipo nikaziona nyayo. Mume wangu alipomwaga saruji ya ua huu, Fuko, kijana wa miaka ishirini, aliikanyaga ingali mbichi, nikamtukana mpaka nikakaukiwa na sauti. Nyayo tano zingali pale. Nikapima kwa mkongojo wangu: kutoka unyayo hadi unyayo, mkongojo mzima na shubiri. Nikakumbuka alivyotembea mwishoni, akiburuta ndala, hatua hazifiki nusu ya hizo. Alihesabu hatua za kijana kwa miguu ya mzee. Na mimi nilikuwa nimekaa kizingitini namtazama.

Nimemweleza mwenyekiti. Kasema, pole bibi, ni majonzi hayo, andika yatakutoka. Mwalimu kasema geti halifunguliwi kwa hadithi. Na ukutani kwangu watu wa barabara wamechora alama nyekundu: Jumatatu nyumba inavunjwa, kizingiti na saruji vyote. Magogo yale yana miaka thelathini na moja. Jana mvua ya kwanza imenyesha, na leo asubuhi bembea moja imeinama upande. Mwalimu kaiwekea tofali.

Sasa wewe unayesoma karatasi hii, usinisifie mwandiko. Kama una mtoto pale, maana hata Jumamosi wanacheza, kamtoe kwenye bembea sasa hivi. Kisha njoo kwangu na kamba ndefu, uipime kwenye hatua moja ya Fuko, unyayo hadi unyayo, mara mia na ishirini, na uje na wenzako wa kutosha kufungua lile geti. Kesho ni Jumapili. Nipo mlangoni tangu alfajiri.