Mashine ya Kunirudisha Nyumbani

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa filimbi, fimbo na koti la mvua la mtu mnene kuliko mimi. Aliyenikabidhi alikuwa Meneja wa Jineri, yaani mkuu wa kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bariadi. Alinionyesha kiwanja cha ndege cha kampuni: mstari wa changarawe, majani pembeni, na ng'ombe wa watu wamejilaza katikati kama wenye hati.

"Maduhu," akasema, "kazi yako ni moja. Ndege ikija, ng'ombe wasiwepo."

"Na isipokuja?"

"Wasiwepo vilevile."

Vijana mnaosoma haya mjue kwamba Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa, na soko la pamba lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Ushirika haukuwa mnunuzi pekee tena. Kampuni binafsi zilikuja moja baada ya nyingine, kila moja ikitaka kumfikia mkulima kabla ya mwenzake. Yetu ilikuwa na ndege ndogo ya viti sita, kuukuu, ya kubeba mafundi na vipuri vya mashine za kuchambulia, na wakati mwingine mgonjwa wa kupelekwa Mwanza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na hamu ya kwenda popote. Wenzangu wa darasani walikimbilia Mwanza na Dar es Salaam. Mimi nikilala Dutwa, hapo jirani, usiku mmoja tu kwa ajili ya msiba, nawaza kama kuku wamefungiwa. Kazi ya kiwanjani ilinifaa kwa sababu nikisimama mwisho wa kiwanja niliona bati la nyumba yangu, na nikipiga filimbi kwa nguvu mke wangu, Mama Kulwa, alijua nakaribia kuja kula.

Cheo cha pili sikukiomba. Rubani wetu, tuliyemwita Kapteni, alikuwa mtu wa Moshi, mpole, hodari, lakini mgeni wa huku. Siku moja alikwenda kutua Shishiyu akatua kijiji kingine, akashusha mikanda ya mashine kwa watu waliompokea vizuri sana na kumpa maziwa, ila jineri hawakuwa nayo. Meneja akaniita ofisini.

"Wewe umezaliwa hapa?"

"Ndiyo, Meneja."

"Basi kuanzia kesho unakaa mbele, unamwonyesha njia."

"Meneja, mimi juu sijawahi kufika."

"Chini unapajua?"

"Napajua."

"Ni palepale, ila utapaona pote kwa pamoja."

Ndivyo nilivyokuwa Mwelekezi. Kapteni aliniita Nevigeta, akicheka. Safari ya kwanza nilitapikia kofia yangu, ya pili nikatapikia kofia yake, na baada ya hapo tukawa marafiki.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tunaelekeza. Ndege ile ilikuwa na dashibodi iliyojaa saa za vipimo, na nusu ya saa hizo zilikuwa mapambo. Dira ya umeme ilihama yenyewe pole pole, kama mlevi anayetafuta ukuta. Kipokezi cha redio cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa kizima, lakini huku hapakuwa na mnara wa kukiita. Kwa hiyo mimi nilitazama mabati. Bati kubwa ni jineri, bati refu ni shule, bati lenye msalaba ni kanisa, na nyumba zilizobaki ni za nyasi. Ukiona kanisa la Migato upande wa kushoto, umefika.

Kisha pamba ikapata wanunuzi wengi kwa wakati mmoja, na watu wakaezeka mabati. Msimu mmoja tu, nchi nzima chini yetu ikaanza kumetameta. Kila nilipotazama niliona bati, na kila bati lilifanana na shule. Kapteni aliniuliza, "Nevigeta, ile nayo ni jineri?" Nikajibu, "Au ni mtu amefanikiwa."

Hapo ndipo Fundi Mkuu, mtunza ndege aliyekuwa na karakana Mwanza, alipoileta mashine. Ilikuwa ndogo, ukubwa wa redio ya mkononi, yenye kioo cha kijivu na vitufe vya mpira. Inaongea na setilaiti, alisema, kisha inakuambia uko wapi. Antena yake iliganda kwenye kioo cha mbele kwa kikombe cha mpira, waya wa umeme uliingia kwenye tundu la kuwashia sigara, na yenyewe ilifungwa juu ya usukani kwa kibanio. Haikuwa sehemu ya ndege. Ungeweza kuing'oa ukaenda nayo chooni.

Lakini Kapteni aliifanya dashibodi ya pili. Ukurasa mmoja ulikuwa ramani, na kindege kidogo kikitembea juu yake. Mwingine ulikuwa dira isiyolewa. Mwingine ulionyesha mwendo, kimo, na dakika zilizobaki kufika. Mwingine uliorodhesha viwanja vya karibu, kama injini ingeamua kustaafu kabla yetu. Yote aliyokuwa akiyatafuta kwenye saa mbovu, sasa aliyapata kwenye kioo kimoja kwa kubonyeza kidole gumba.

"Nevigeta," aliniambia, "hii ikishajua viwanja vyetu, wewe sina kazi nawe."

Wenzangu wengi walilia mashine zilipowatoa kazini. Mimi moyo uliruka. Nilimfuata Meneja siku ileile nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ikithibitika, nitarudi chini kwenye filimbi yangu, mshahara uleule.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile. Mashine ilikuja ikijua viwanja vya Ulaya na vikubwa vya kwetu, lakini Migato haikuisikia. Ilibidi tutue, niibebe mkononi, nitembee nayo hadi mwanzo na mwisho wa kila kiwanja, nibonyeze kitufe mpaka ikubali kukumbuka, kisha niandike jina lisilozidi herufi sita. MIGATO ilienea yenyewe. Shishiyu ikawa SHISHI. Kapteni akataka pia alama mbili karibu na Bariadi, moja mashariki na moja magharibi, mahali pa kuanzia kushuka. Sikuwa na jina la mahali hapo, ila nilijua nyumba zilizo chini yake. Ya mashariki nikaiandika MKWE. Ya magharibi, juu ya boma la kaka yake Mama Kulwa, nikaiandika SHEMEJ.

"Huu ni ukoo au ramani?" Kapteni akauliza.

"Wewe fuata tu. Hao hawahami."

Ikafika siku ya majaribio. Meneja mwenyewe alipanda, akakaa nyuma, akafunga mkanda na kutoa sharti. Tutazunguka Shishiyu, Migato, turudi Bariadi. Mimi nitakaa mbele kama kawaida, ila tukiwa hewani nisiseme neno. Mashine ikitufikisha kote bila mimi kufungua mdomo, kesho nabaki chini.

"Na akikohoa?" Kapteni akauliza.

"Kukohoa ruksa. Akisema neno, ameshindwa, na anabaki hapo hapo mbele."

Nilinyamaza kwa furaha. Shishiyu tulifika sawasawa, kindege cha kwenye kioo kikaingia kwenye alama kama kuku anaingia bandani. Wakati Meneja anaongea na wakulima, mbuzi mmoja alikula kifuniko cha mrija. Nieleze: chini ya bawa kuna mrija mwembamba unaopokea hewa ya mbele, na kwa hewa hiyo saa ya mwendo inajua ndege inakata upepo kwa kasi gani. Ndege ikisimama, mrija unavikwa kifuniko cha ngozi chenye utepe mwekundu. Mbuzi alipenda utepe, akaanzia hapo. Kapteni alicheka, akasema atamwambia Fundi Mkuu ashone kingine.

Migato nako mashine ikatufikisha. Meneja alikaribishwa ugali na maziwa ya mgando, akakaa sana. Jua lilikuwa kali, mrija uko wazi, na nyigu wa udongo hawana muda wa kupoteza. Tulipokimbia kupaa, mshale wa saa ya mwendo uliinuka kidogo, ukaganda. Mwisho wa kiwanja kulikuwa na miti, na tulikuwa tumechelewa kusimama. Kapteni akavuta, tukapita juu ya matawi.

Aligonga saa kwa ukucha. Haikujibu. Akabadili ukurasa wa mashine, akaweka ule wenye tarakimu kubwa za mwendo, akaniambia kwa sauti ya chini, ili Meneja asisikie kwa kelele za injini:

"Mrija umeziba. Sasa natumia huu. Lakini elewa, huu unasema tunavyopita juu ya ardhi, hausemi bawa linavyopata hewa. Upepo ukitoka mbele, bawa linapata zaidi ya ninachosoma. Ukitusukuma mgongoni, linapata pungufu. Kioo kitasema sabini, bawa linapata hamsini na kitu, na hapo ndege inaacha kuwa ndege."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Tulikaribia Bariadi alasiri. Wakati huo upepo wetu kwa kawaida hutoka ziwani, magharibi, kwa hiyo Kapteni alijipanga juu ya MKWE kutua akielekea magharibi. Jua lilikuwa mbele yetu, kioo cha mbele kimejaa vumbi, haoni kitu. Ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo ulikuwa umechanwa na dhoruba wiki hiyo. Macho yake yalikuwa kwenye tarakimu, mkono kwenye kishikio cha kuongeza moto wa injini.

"Nevigeta, dirishani kwako. Moshi unalala wapi?"

Nilitazama. Watu walikuwa wanachoma matofali pembeni ya mji, kwa zile nyumba mpya. Nyuma yetu, upande wa Serengeti, wingu jeusi lilikuwa limesimama. Moshi wa matanuri haukuja kwetu kama siku zote. Ulikuwa umelala chini, unakimbia mbele yetu, magharibi.

Nikaona kiwanja. Mwisho wa kiwanja nikaona bati langu. Neno moja tu, na bati lile ningeliona kutoka juu mpaka nizeeke. Nikanyoosha kidevu kuonyesha moshi ulikokwenda.

"Sikuoni! Sema!"

Nikanyoosha mkono mzima, nikautikisa mbele ya pua yake. Akausukuma pembeni ili aone kioo.

"Maduhu, sema, bwana!"

Kutoka nyuma, Meneja, ambaye hakujua habari ya mrija, akapaza sauti kwa furaha: "Akisema ameshindwa!"

Kiti kikaanza kulegea chini yangu, namna ile ya baiskeli inapoishiwa mwendo mlimani.

"Unakwenda kwa shemeji!" nikapiga kelele. "Moshi wote unakwenda kwa shemeji!"

Kapteni hakuuliza shemeji yupi. Jina lilikuwa mbele yake kwenye ramani, upande uleule tulikokuwa tunaelekea. Upepo ulikuwa mgongoni. Alisukuma moto wote, akainamisha pua kidogo nikaona ng'ombe kwa ukubwa wao halisi, kisha tukapita juu ya kiwanja bila kugusa, tukazunguka juu ya boma la shemeji, tukarudi tukielekea mashariki. Sasa kioo kilisoma namba ndogo, na Kapteni akaridhika nayo, maana upepo ulikuwa mbele unamlipa tofauti. Tuligusa chini kwa upole. Ng'ombe hawakuwepo tena, kijana aliyeachiwa filimbi yangu alikuwa ameshawaondoa.

Injini ilipozimwa, Meneja ndiye aliyezungumza kwanza.

"Umeongea."

"Meneja," Kapteni akasema, "asingeongea tungekuwa kwenye matofali." Akamweleza mrija, nyigu na upepo. Meneja alisikiliza hadi mwisho, akashuka, akachungulia ule mrija, akatoa udongo kwa kijiti.

"Moshi hata mimi niliuona," akasema. "Nilidhani ni moshi tu." Akanigeukia. "Mashine imefaulu. Ila Kapteni akiitazama yeye, lazima awepo wa kutazama nje. Utabaki mbele."

"Lakini ulisema mashine ikifaulu..."

"Nilisema ukisema neno. Umesema kama kumi."

Nilikaa kiti kile miaka mingi. Baadaye nilifanya kazi chini ya Kapteni wa pili, kijana wa Dar es Salaam aliyeniita "mzee wa dirisha", na chini ya Meneja mwingine asiyependa ndege, ambaye aliiuza. Nikarudishwa kiwanjani, na kutoka kiwanjani nikastaafu.

Siicheki ile mashine. Siku ile bila yake tungekuwa tunabahatisha mwendo kwa sauti ya upepo. Siku hizi nasikia ndege zinazaliwa na vioo vikubwa vyenye kila kitu, upepo ukiwemo, na ni jambo jema. Ushauri wangu kwa vijana wa kazi hiyo ni mfupi: kioo kizuri kina tabia ya televisheni, kikiwaka wote mnakitazama. Mpangieni mmoja atazame nje, na mwambieni aseme.

Mama Kulwa sikuwahi kumwambia yaliyotokea. Nilimwambia tu kampuni haijapata mtu mwingine. Nilipostaafu, wiki ya kwanza, nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu naye anapepeta mtama, nikamsimulia yote, nikitegemea anionee huruma kwa miaka ile niliyoikosa nyumbani. Alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Rubani alikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili. Au tatu."

"Na wewe ukanyoosha kidevu."

"Nilitaka kubaki nyumbani, Mama Kulwa."

"Ungebaki," akasema, akapuliza makapi. "Pale nyuma ya kihenge. Tungekupalilia vizuri kila mwaka."