Mkanda Mmoja, Watu Wawili

Binti yangu anayesoma ughaibuni alinitumia mkanda wa kuvaa kichwani ili niache kutapika safarini. Ndani una vitaa vidogo. Alinieleza kwa simu kwamba mwanga wake hauonekani kwa macho, unapenya fuvu na kutuliza ile sehemu ya ubongo inayovurugika gari likipinda. Nilimjibu kwamba nimepima kahawa hapa Mbinga miaka ishirini na sijaona taa ikituliza tumbo la mtu. Akasema, "Vaa tu, baba."

Mimi ndiye mtapikaji wa ukoo. Kwetu ni ziwani, karibu na Mbamba Bay, na zile kona za kushukia huko zilinishinda tangu nikiwa mwanafunzi. Kila Pasaka niliahidi kushuka, kila Pasaka nikasingizia kona. Kwa hiyo mama ndiye aliyepanda. Alikuja kila mwaka na usipa mkavu, dagaa wa kwetu, kwenye ndoo, amenawa uso, kitenge safi, anacheka. Nilimwonea wivu kwa tumbo lake la chuma.

Mwaka huu jicho lake moja lilianza kuziba, ikabidi aletwe hospitali huku juu. Dada yangu anayeishi naye alisema mama hataki safari. Nikashuka kumchukua, mkanda kichwani, abiria wakinitazama kama mwehu. Sikutapika hata mara moja. Nilitegemea kufurahi, lakini sikuhisi kitu.

Jioni dada alinieleza sababu. Mama hutapika kuliko mimi. Huanza kona ya kwanza hadi stendi ya Mbinga, hapo hunawa, hubadili kitenge, ndipo huja kwangu. Akirudi hulala siku mbili. Miaka yote alimkataza dada kuniambia, maana ningejua ningemzuia kuja. Nilisikiliza huku nikila muhogo. Nilijua kwamba hapo ndipo mtu hulia, ila chozi halikuja, nikaongeza chai.

Asubuhi nilimpa mama mkanda. Aliupapasa, akaugeuzageuza, akanirudishia.

"Vaa wewe, mwanangu. Kesho una kazi."

Nikakataa. Nyumbani kwetu adabu ni kukataa mara moja. Mtu akikusukumia tena, unapokea. Akanisukumia tena. Ningeweza kukataa mara ya pili: mgonjwa alikuwa yeye, na kazi yangu ni mizani tu. Nikauvaa. Nimejaribu kuliandika jambo hili vingine, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Alianza kona ya kwanza. Nilimshikia beseni, nikamfuta mdomo, nikamwaga kila basi liliposimama. Tumbo langu lilitulia kama maji ya mtungini. Kwa mara ya kwanza niliiona njia ile yote ya kupanda, ziwa likibaki chini, mahindi, kisha kahawa, na ni njia nzuri. Niliona aibu, lakini kwa mbali, kama aibu ya jirani.

Stendi ya Mbinga alinawa bombani, akaenda nyuma ya kibanda kubadili kitenge. Alirudi anacheka, akanishika mkono.

"Mkanda umekusaidia?"

"Umenisaidia, mama."

"Afadhali," akasema. "Basi sasa utakuwa unakuja."