Jora Lisilo na Karatasi

Mjukuu wangu amerudi kutoka Dar na habari za duka ambalo bei haziandikwi kwa mkono. Anasema kila rafu ina vioo vidogo kama vya saa, na mtu akibonyeza huko ofisini, bei zote zinabadilika papo hapo. Nilicheka, nikavikumbuka vidole vyangu vilivyokuwa vyeusi kwa wino. Sina hakika kama nakumbuka kila neno sawasawa, na shule yangu iliishia darasa la saba. Naandika nilivyoona.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa nchini. Duka letu lilikuwa Lindi mjini, karibu na stendi. Zamani bei ilikuwa ya serikali na bidhaa hakuna. Sasa bidhaa zipo, bei ndiyo haijulikani. Kila lori lililovuka Rufiji lilikuja na bei yake, na masika barabara ikikatika, ilipanda tena. Wateja wakamgeukia mume wangu.

"Jana jirani yangu umemuuzia vingine, leo mimi vingine. Mimi nina pembe?"

Nao walikuwa na haki. Waliojua kubishana walipunguziwa, wenye haya walilipa bei ya kwanza waliyotajiwa. Mama yangu mzazi alikuwa hivyo, alilipa na kushukuru juu yake. Kwa hiyo mume wangu aliporudi safari na shauri la kubandika bei kwenye kila kitu, mimi ndiye niliyeshangilia. Tukakata maboksi ya sabuni, nikaandika, maana mwandiko wangu ulikuwa afadhali kuliko wake. Bei ikipanda nabandika karatasi juu ya karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo, mpaka nyingine zikawa nene kama chapati.

Watu walizoea, isipokuwa mkulima mmoja wa Kilangala, mtani wa mume wangu. Yeye bila kubishana hajanunua.

"Shemeji, siku hizi mwenye duka ni hii karatasi?"

"Ndiyo. Iulize."

"Nimeiuliza, imenyamaza. Kama bwana wako tu, ukimwambia punguza anakuwa kiziwi."

Lakini palikuwa na kitu kimoja ambacho hata yeye hakukibishania. Baba mkwe wangu alimwachia mwanawe duka lile kwa sharti: sanda haitiwi faida. Mtu akitaka bafta, ile nguo nyeupe ya sanda, muuzaji anauliza kwa upole, "Ya nini?" Akisema ya foronya, basi, biashara kama kawaida. Akiinamisha kichwa, unamkatia kwa bei tuliyonunulia na unampa pole. Mfiwa hajitangazi dukani, wala habishani. Kubishania sanda ni kumbishania maiti. Mume wangu alikuwa akisema mambo mengi ya duka atasamehewa, ila hilo ataulizwa na baba yake mbele ya Mungu.

Nilipobandika bei kwenye majora ya vitambaa, na bafta nikaibandika. Hakuna aliyenikataza.

Asubuhi moja mume wangu alikuwa bandarini akipokea mzigo, nami peke yangu dukani. Yule mtani akaingia. Nikajiandaa kwa maneno. Akanisalimu, akaitazama karatasi ya bafta, akasimama kidogo, kisha akataja yadi anazotaka na kuweka hela mezani.

"Leo ulimi umeuacha Kilangala?" nikamtania.

"Nimeuacha, shemeji."

Nikakata, nikakunja, huku nacheka. Akakitia kitambaa kwapani, akatoka. Mume wangu aliporudi nikamwambia kwa furaha, "Mtani wako leo karatasi imemnyoosha. Hakuomba apunguziwe hata senti."

"Kanunua nini?"

"Bafta."

Akaketi juu ya gunia la sukari. "Ulimuuliza ya nini?"

"Si bei imeandikwa?"

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tulifunga duka, tukapanda gari la mizigo kwenda Kilangala. Tulikuta mama yake mtani ameshazikwa, wanaume wananawa mikono. Mume wangu akampa mkono wa pole, akatoa ile faida. Mtani akairudisha mbele za watu.

"Sanda imeshakwenda na mwenyewe. Chenji nimpelekee nani?"

Watu wakacheka, maana mtani hata msibani ana ruhusa yake. Kisha akanigeukia mimi, na hapo hakuwa akitania.

"Nilisimama pale nikingoja uniulize, shemeji."

Ningeweza kumwambia kwamba naye ana mdomo. Lakini kuuliza kulikuwa juu yangu. Hilo nalipima mpaka leo na mizani haitulii. Siwezi kuilaumu karatasi kwa kicheko changu. Ila zamani, kabla sijataja bei ya bafta, nililazimika kuuliza. Siku ile sikuwa na bei ya kutaja, ilikuwa imeshajitaja.

Kesho yake mume wangu alibandua karatasi ya bafta. Nilidhani atabandua zote, nikamwuliza, "Na wenye haya kama mama?" Akafikiri, akaziacha nyingine.

Mtani hakukanyaga kwetu mpaka msimu wa korosho. Siku aliyokuja alipita rafu moja baada ya nyingine akisoma bei kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi. Akafika kwenye bafta.

"Hili jora mbona liko uchi?"

Mume wangu alikuwa nyuma ya meza. Akaacha alichokuwa akifanya, akainuka.

"Unaitaka ya nini, ndugu yangu?"

Mtani akalipapasa jora kwa vidole. Nilishika mkasi.

"Ya foronya, bwana! Kwani unaniombea kifo?" Akaliburuta jora mpaka mezani. "Haya, taja bei yako tugombane."